Mama Badilisha Ashuka Botini

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi katika safari yetu ya alfajiri ya visiwa vitatu, Mama Badilisha atastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Wasifu huu umeandikwa kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa ofisini, wa gatini na wa botini. Shuleni tunafundishwa kwamba wasifu wa mtu huanza na mahali alipozaliwa. Mwenyewe alipoulizwa alisema hilo liachwe, kwa kuwa siku aliyozaliwa hakufanya kazi yoyote, alilia tu.

Basi tuanze na ua wa nyuma wa ofisi, maana ndipo alipoanzia, akifua taulo za wageni. Ua ule haujabadilika sana. Bomba bado linavuja, kamba za kuanikia bado zimelegea katikati, na harufu bado ni ileile ya mpira uliolowa maji ya chumvi. Kutoka kwenye taulo alipandishwa hadi kwenye miwani ya majini na mirija ya kupumulia, na wenzake wakamcheka kwamba amepandishwa cheo bila kutoka kwenye karai.

Lakini aliigeuza kazi ile. Zamani mgeni alipewa miwani yoyote iliyokuwa karibu, akaenda nayo baharini, akarudi akilalamika kwamba bahari yote imempitia puani. Mama Badilisha alitafuta vikapu, akaitenga miwani: ya nyuso pana, ya nyuso nyembamba, ya watoto, na kikapu cha wenye masharubu, ambacho ndani yake hukaa kopo la mafuta ya mgando, kwa sababu masharubu huzuia miwani isishike ngozi. Mgeni akiingia tu mlangoni, alikuwa ameshajua kikapu chake. Si wote waliofurahi. Bwana mmoja alipoelekezwa moja kwa moja kwenye nyuso pana alimwuliza mkewe kama kweli amenenepa, na mkewe akajifanya anasoma ubao wa saa za kuondoka.

Ni yeye pia aliyewafundisha wageni kutemea mate kioo cha miwani kabla ya kuingia majini, ili kisifanye ukungu. Katika kazi hii ni jambo la kawaida, ila si rahisi kumwambia mtu aliyevaa vizuri ateme mate mbele za watu. Mheshimiwa mmoja aliomba atemewe. Mama Badilisha alimjibu kwa adabu zote kwamba hapa kila mtu na mate yake, na mheshimiwa akaenda kujificha nyuma ya tangi la maji.

Alipanda botini mwaka ambao mwongozaji mmoja aliacha kazi ghafla na nahodha akatangaza kwamba hatang'oa nanga bila mtu wa kuingia majini na wageni. Mama Badilisha alikuwa akiogelea tangu utotoni. Alikausha mikono kwenye kanga yake, akavaa mapezi ya kuogelea miguuni, akaenda. Tangu siku hiyo hakurudi kwenye karai, isipokuwa kuwakagua waliomrithi.

Wasiowahi kupanda boti letu waelezwe kidogo. Tunaondoka gatini kabla jua halijachomoza, wakati bahari bado imelala. Kisiwa cha kwanza ni fungu la mchanga tu, maji yake ya kiunoni, na hakuna cha kuona isipokuwa kaa wadogo wenye haraka. Hapo ndipo wageni hujifunzia kuweka uso majini na kupumua kwa mdomo. Kisiwa cha pili ndicho chenye matumbawe na samaki ambao watu wamefunga safari kuwaona. Kisiwa cha tatu ni cha kupumzika na kunywa chai. Asiyefaulu kisiwa cha kwanza, cha pili hukiangalia kutoka juu ya boti, akiwashikia wenzake simu na saa.

Katika msimu wake wa kwanza alikuja bwana mmoja na mkewe. Bwana alijua kuogelea, mkewe hakujua, na bwana akasema hahitaji mwongozaji, yeye mwenyewe atamfundisha mke wake. Alimfundisha kwa sauti iliyowafanya ndege wahame kisiwa. Mke alivua miwani, akaitupa baharini, akarudi botini. Safari iliyobaki walikaa kila mmoja upande wake, na nahodha akasema angalau boti limekaa sawa. Lakini kabla ya hapo, Mama Badilisha alikuwa amemwona bwana yuleyule akimsaidia bibi mmoja asiyemjua kuvaa mapezi, amepiga magoti mchangani, akimwambia polepole mama, hatuna haraka. Jambo hilo lilimkosesha usingizi. Iweje mtu mmoja, asubuhi moja, awe na roho mbili?

Safari iliyofuata, wageni waliposhuka kwenye fungu la mchanga, aliwapanga mstari na kuwaambia neno moja: badilisheni. Tangu hapo ndiyo kanuni yetu. Kwenye kisiwa cha kwanza, mtu hamshiki wa kwao. Mume wa huyu anamshika mkono mtoto wa yule, dada wa huyu anamshika baba wa yule, mpaka kila mmoja aweze kulaza uso majini bila kuhangaika. Mama Badilisha huieleza hivi: mgeni unamvumilia, lakini wa kwako unamdai awe anajua tayari. Kanuni ina kifungu kimoja tu cha nyongeza, kwamba mkwe hakabidhiwi mkwe, kwa sababu heshima nyingi huzamisha.

Mwanzoni mwenye kampuni aliogopa ugomvi, na kweli waume walinung'unika. Walikuwa wakifundisha mke wa mtu huku shingo zimegeuka kuangalia wake zao wanafundishwa na nani. Siku moja walikuja mapacha wawili na wake zao. Wakabadilishana, wakavaa miwani na mirija, na ulipofika wakati wa kurudi kwa wenyewe, wake zao walibaki wamesimama majini wakiangaliana, maana waume walikuwa wanafanana hata kwa namna ya kukohoa. Nahodha alishauri wavuliwe miwani. Wakavuliwa. Haikusaidia.

Hata hivyo, kanuni ilifanya kazi. Waongozaji aliowafundisha sasa wako kwenye maboti ya kampuni nyingine, na kila walikokwenda wamekwenda nayo. Kwetu amemfundisha Binti wa Mapezi, aliyeitwa hivyo kwa kuwa aliletwa kupanga mapezi kwa saizi na sasa ndiye atakayeshika nafasi yake kuanzia mwezi wa saba. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye hukaa kwenye meza ya mapokezi shule zinapofungwa, ameshuhudia wageni wakirudi mchana wamechomwa na jua, wakiagana na watu waliokutana nao alfajiri kana kwamba wamekua pamoja.

Pamoja na hayo yote, kulikuwa na mtu mmoja ambaye Mama Badilisha alishindwa kumpeleka visiwani, naye ni mumewe. Kinyozi hajinyoi.

Mumewe ni fundi cherehani. Duka lake liko mtaa wa nyuma, mlango wa bluu uliobambuka rangi, cherehani ya kanyagio dirishani. Turubai la kivuli la boti letu ameshona yeye, na kila likichanika huletewa dukani, kwa sababu yeye gatini hafiki mbali. Kila alfajiri humsindikiza mkewe hadi mwanzo wa gati, humkabidhi chupa yake ya chai, halafu hugeuka. Akialikwa kupanda alikuwa na jibu moja kwamba yeye na maji wanakutana kwenye ndoo. Hakuwahi kusema anaogopa. Siku zote kulikuwa na nguo ya harusi ya mtu inayosubiri vifungo.

Na siku zote, wakati wa chakula cha jioni, Mama Badilisha alimsimulia kuhusu kisiwa cha pili. Fundi alisikiliza huku akitia uzi kwenye sindano. Alijua pweza anajificha upande gani wa mwamba na kasa hupita saa ngapi. Alijua kisiwa ambacho hajawahi kukiona kama mtu anavyojua nyumba ya jirani kwa kuisikia kupitia ukutani.

Mama Badilisha alipotangaza kustaafu, tulimwuliza anataka zawadi gani. Alisema anataka jambo moja tu, ambalo ofisi haiwezi kumpa: mumewe akione kisiwa cha pili wakati yeye bado ndiye anayepeleka watu huko. Alisema amechoka kuwa na maisha ambayo mwenzake ameyasikia tu. Nadhani maneno hayo yalimfikia Fundi, maana mtaa wetu hauna siri. Mwezi uliopita, bila kuitwa, alikuja ofisini kuandikisha jina.

Yaliyofuata tumesimuliwa na nahodha na Binti wa Mapezi. Mama Badilisha ameruhusu yaandikwe, kwa sharti kwamba yaandikwe yote.

Fundi alifika gatini kungali giza, suruali imepigwa pasi, viatu vya kufunga kwa kamba vinang'aa. Nahodha alimwuliza kama anakwenda benki.

"Nakwenda kazini kwa mke wangu," Fundi alisema. "Ulitaka niende na kaptula?"

Njiani alishika nguzo ya turubai kwa mikono miwili, akikagua mishono yake mwenyewe ili asiangalie chini. Walipofika kwenye fungu la mchanga wageni walishuka, Mama Badilisha akawapanga, akatoa amri yake, watu wakacheka, wakanung'unika, wakabadilishana. Mwuguzi mmoja wa wodi ya watoto, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mbali, alimtoa mumewe kwa moyo mkunjufu na kusema akaribishwe popote atakapopokelewa. Ndipo Mama Badilisha, mtunga kanuni, akamshika mumewe mkono na kwenda naye pembeni.

Binti wa Mapezi aliona. Nahodha naye aliona. Mama Badilisha alitazamana nao na kusema huyu anamjua, huyu ni wake.

Ilikwenda kama kanuni inavyotabiri. Fundi aliuma mrija vibaya. Akarekebishwa. Akapumua kwa pua. Akarekebishwa. Akalaza uso majini na kuutoa papo hapo, ndevu zikimchuruzika, na mkewe, ambaye kwa mgeni yeyote angesubiri hadi jua lizame, akasema nimekwambia mdomo, baba watoto, mdomo, siku zote unashona umeziba masikio?

"Nimekusikia," Fundi alisema. "Na kisiwa cha pili nacho kimekusikia."

Alivua miwani, akamkabidhi. Akatoka majini, akakaa mchangani akiwa ameipa bahari mgongo, akaanza kuvaa soksi. Alisema kwa utulivu kwamba amejaribu, amekuja, kila mtu ameona, na sasa arudishwe nyumbani. Wanaomjua Fundi wanajua kwamba akisema kwa utulivu huwa amemaliza. Nguo aliyoikataa kwa utulivu hairudi mezani.

Mama Badilisha alibaki majini na miwani mbili mkononi. Alikuwa ameipata asubuhi aliyoisubiri ujana wake wote na uzee wake, na ameiharibu kwa dakika chache, tena kwa kosa ambalo alilipwa mshahara kuwazuia wengine wasilifanye.

Ni mwuguzi aliyemfuata. Alikuja akiyakata maji kwa mapaja, jaketi la kujiokolea limempanda hadi masikioni.

"Mama," alisema, "mimi wangu umenichukulia. Wako mbona umembakiza?"

Watu wakacheka, na Mama Badilisha mwenyewe hakuweza kujizuia. Mwuguzi hakusubiri ruhusa. Alikwenda hadi alipokaa Fundi, akanyoosha mkono. Hakumwambia lolote kuhusu kupumua. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe anaogopa, kwamba tangu ashuke botini amejichekesha ili watu wasijue, na kama baba hatojali, aje amshike mkono. Fundi alimtazama, akatazama soksi aliyokwisha kuivaa, akaivua. Mtu aliyelelewa vizuri hamwachi mwanamke peke yake katika maji.

Mama Badilisha alipewa mume wa mwuguzi, kinyozi mmoja mpole, na Binti wa Mapezi akamwambia Mama ageuke asiangalie nyuma. Aligeuka. Anakiri kwamba ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya baharini. Alimwelekeza kinyozi huku masikio yote yako nyuma. Alisikia mwuguzi akipiga kelele ya maji baridi. Kisha akamsikia mumewe akicheka, kile kicheko chake cha puani ambacho yeye alidhani ni cha nyumbani tu, na moyo ukamchoma. Alisema baadaye ofisini, mbele yetu sote, kwamba miaka yote hiyo aliwacheka waume waliogeuza shingo, na hakujua walichokuwa wanakisikia. Aliomba tuwaombee radhi kwa niaba yake, popote walipo.

Hakutazama nyuma. Aligeuka tu alipoitwa. Fundi alikuwa amelala kifudifudi juu ya maji, shati lake, ambalo alikataa katakata kulivua, limejaa hewa mgongoni kama mto, na mrija umesimama wima, unapumua.

Kwenye kisiwa cha pili watu hurudi kwa wenyewe. Boti lilipotia nanga, wageni walishuka ngazi wawili wawili, na Mama Badilisha akabaki ameshika kamba ya ngazi, akijifanya ana shughuli. Hakutaka kumwuliza. Alijua akimwuliza, itakuwa kumdai. Fundi alikaa kwenye benchi akitemea miwani yake mate, polepole, kwa ufundi, akikisugua kioo kwa kidole gumba. Alipomaliza alisimama mbele ya mkewe.

"Twende," alisema. "Lakini ukinifundisha, napanda juu."

Nahodha alisema asiwe na wasiwasi, kwa kuwa mtu mwenye mrija mdomoni hawezi kufundisha mtu yeyote, na huenda ndiyo sababu ulibuniwa.

Wakashuka. Walioko botini waliwaona wameshikana mikono, migongo miwili, mmoja wenye shati. Mara wakasimama, mara wakazunguka, mara Mama Badilisha akanyoosha kidole chini na Fundi akaitikia kwa kichwa majini kwamba ameona. Kisha ikawa Fundi ndiye anayenyoosha kidole. Wageni wengine walirudi, wakajikausha, wakauliza kama chai ni hapa au kisiwa cha tatu. Nahodha wetu, ambaye hajawahi kumsubiri mtu, na ambaye aliwahi kumpigia honi hata bwana arusi aliyechelewa, alizima injini aliyokuwa ameshaiwasha, akavuta kofia usoni, akasema yeye haoni haraka yoyote.

Fundi alipopanda ngazi hatimaye, vidole vimekunjamana, watu walimwuliza ameonaje. Alikaa, akapangusa macho, akamgeukia mkewe kwa lawama.

"Umenidanganya," alisema. "Miaka yote hii unaniambia bluu. Ile si bluu."

Mama Badilisha alisema ni bluu. Fundi akasema yeye ndiye mwenye kazi ya vitambaa. Akataja kitambaa cha sare za benki, akakikataa. Akataja bitana, kitambaa cha ndani, ya koti la mtu fulani, mkewe akalikumbuka koti, akasema hiyo ina kijani. Fundi akasema ndiyo maana, kijani kipo, kwa nini hakuwahi kukitaja? Mkewe akasema alikitaja, yeye ndiye alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Walibishana hivyo kupita kisiwa cha tatu, chai ikapoa mikononi mwao, na walibishana hadi gatini. Mwuguzi na mumewe waliokaa benchi la nyuma walisema hawajawahi kuona watu wakigombana kwa raha namna ile. Hadi leo jina la rangi ile halijapatikana. Vipande vya vitambaa vimebandikwa ukutani dukani kwa Fundi, kila kimoja karibu na ukweli, na mteja anayekwenda kupunguza suruali huombwa kwanza atoe maoni.

Mama Badilisha, wafanyakazi wenzako wanakushukuru. Tunakushukuru kwa vikapu, kwa mafuta ya mgando, kwa watu wengi walioogopa maji alfajiri na kulala usiku wakiota samaki. Tunakushukuru pia kwa kutuachia kanuni ambayo hata wewe hukuiweza, kwa maana sasa tunaiamini zaidi.

Wasomaji wajue kwamba Fundi ameshaandikisha viti viwili vya Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, vya wageni, si vya wafanyakazi. Binti wa Mapezi ametuhakikishia kwamba atawatenganisha bila kujali cheo cha mtu wala miaka yake, na Mama ameomba, kama mgeni mwingine yeyote, apewe mtu mpole.

Tunakutakia asubuhi nyingi za bahari tulivu, mama yetu, na mabishano marefu yasiyo na mshindi. Ukifika gatini siku hiyo usiguse kamba. Kuna atakayeishika. Wewe kaa kwenye benchi, upande wa kivuli, pembeni ya mumeo.